Pesa za kaunti hupitia wapi? Barua kutoka Lamu na Malindi

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: nani anashika pesa, na mwananchi abishe mlango upi. Tumechagua tisa, na zile ndefu tumezifupisha. Wenzetu wa Malindi wakumbuke kwamba wao wako Kaunti ya Kilifi, ya 3 katika orodha ya Katiba. Lamu ni ya 5. Tena Shella ziko mbili, moja ni wadi ya Lamu Magharibi na nyingine ni wadi ya Malindi, kwa hivyo anayetuandikia "sisi watu wa Shella" atuambie ni Shella gani. Barua moja tumeshindwa kuijibu kwa sababu hiyo tu.

Assalaam aleikum. Taa za mtaani kwetu zimezima tangu Ramadhani. Nilikwenda kwa chifu, akanambia si kazi yake, niwaendee watu wa kaunti. Kwani chifu si ndiye serikali?
*Mkazi wa Langoni, Lamu*

Waaleikum salaam. Chifu amekwambia kweli, ila angekwambia na mlango wenyewe.

Katiba ya 2010 imeweka serikali mbili, na hakuna iliyo juu ya mwenzake. Serikali ya kitaifa inashuka hivi: kamishna wa kaunti, naibu kamishna katika kaunti ndogo, msaidizi wake, halafu chifu na naibu wa chifu. Hao ni watu wa wizara ya usalama wa ndani. Wanashughulika na amani, barua ya kitambulisho, kibali cha mazishi na baraza. Upande wa pili kuna gavana, naibu wake, mawaziri wa kaunti, maafisa wakuu wa idara, msimamizi wa kaunti ndogo, na mwisho msimamizi wa wadi. Huyo wa mwisho ndiye unayemtafuta, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limetaja taa za barabarani miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na taka, masoko, hospitali na zahanati, maji, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zimamoto, makaburi na barabara za kaunti.

Panapotatiza watu ni pale kazi mbili zinapokutana. Shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa, lakini chekechea iliyo ndani ya ua huohuo ni ya kaunti, na mwalimu wake huajiriwa na kaunti. Barabara kuu ya Garsen, Witu hadi Lamu ni ya kitaifa. Kichochoro cha kuingia kijijini ni cha kaunti. Ngome ya Lamu iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, kwa hivyo kiingilio cha watalii hakiingii mfuko wa kaunti. Bandari mpya iliyoko Kililana nayo ni ya kitaifa. Vivuko na bandari ndogo Katiba imevipa kaunti, lakini sheria za usafiri wa baharini wa kitaifa na wa kimataifa zikabaki Nairobi. Ndiyo maana jeti moja inaweza kuwa na maafisa wa pande mbili wanaotupiana mpira.

Kabla hujamwona msimamizi wa wadi, tazama kwanza ni taa ngapi zimezima. Ikiwa ni moja au mbili, huenda ni balbu, na utahitaji namba iliyoandikwa kwenye nguzo. Zikiwa zimezima zote kwa mpigo ilhali majumbani stima ipo, uliza bili imelipwa lini. Taa za mtaani zina mita yake na anayelipa ni kaunti, kwa hivyo fundi atakuja na ngazi yake bure ikiwa kilichokosekana ni malipo.

Shemeji yangu wa Lamu hujigamba kwamba kaunti yao inapata pesa nyingi kutushinda, ukihesabu kwa kila mtu. Mimi najua Lamu ndiyo ya mwisho kabisa katika mgao. Nani mkweli?
*Mwalimu, Ganda, Malindi*

Mwalimu, nyote wawili mko sawa, na ndiyo maana hamtamaliza.

Chukua mwaka wa fedha 2021/2022, ambao kaunti zote 47 ziligawana shilingi bilioni 370. Kilifi ilipewa kama bilioni 11.64. Lamu ilipewa kama bilioni 3.1, na haikuwepo kaunti iliyopata chini ya hapo. Hapo umeshinda wewe. Sasa gawanya kwa watu wa sensa ya 2019: Kilifi watu 1,453,787, Lamu watu 143,920. Kila mtu wa Kilifi anafikiwa na kama shilingi 8,000, na wa Lamu kama 21,600. Hapo ameshinda shemeji.

Sababu yake iko ndani ya mfumo wa ugavi. Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza, Seneti huamua, na kwa kawaida mfumo hukaa miaka 5. Mfumo wa tatu, uliokuwa ukitumika mwaka huo, uligawanya kila shilingi 100 hivi: 20 sawasawa kwa kila kaunti bila kuuliza lolote, 18 kwa wingi wa watu, 17 kwa afya, 14 kwa umaskini, 10 kwa kilimo, 8 kwa ukubwa wa ardhi, 8 kwa barabara na 5 kwa miji.

Zile 20 za mwanzo ndizo za kutazama. Maseneta walivutana sana mwaka 2020, na mwishowe wakaafikiana kwamba bilioni 158.25, yaani nusu ya mgao wa 2019/2020, zifuate hesabu ya zamani, na bilioni 211.75 zilizobaki zifuate hesabu mpya. Asilimia 20 ya 211.75 ni bilioni 42.35. Igawe kwa 47 upate kama milioni 901 kwa kila kaunti, kabla hajahesabiwa mtu hata mmoja. Kwa Lamu hizo ni karibu shilingi 29 katika kila 100 za mgao wake. Kwa Kilifi hazifiki 8. Kaunti ndogo hubebwa na fungu hilo, na si upendeleo: gavana ni mmoja, bunge ni moja, hospitali kuu ni moja, na boti ya kumtoa mgonjwa Kiunga hainywi mafuta kidogo kwa sababu Kiunga ina watu wachache.

Kuanzia 2025/2026 umeingia mfumo wa nne, wenye vipimo vichache zaidi, lakini kila kaunti ilihakikishiwa kwamba haitapungukiwa na ilichopata 2024/2025. Kwa hivyo ubishi wenu bado una maisha.

Nyongeza moja, maana watu huitaja vibaya kila mwaka. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mapato gani? Yale ya mwaka wa mwisho ambao hesabu zake zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na hizo huchelewa. Bilioni 370 za 2021/2022 zilipimwa kwa mapato ya 2016/2017, yaliyokuwa kama bilioni 1,357, ndipo ukasikia kaunti zimepewa "asilimia 27". Ungepima kwa makusanyo ya mwaka wenyewe, asilimia hiyo ingeshuka. Wala mgao uliopitishwa si nadhiri: mwaka 2024, Mswada wa Fedha wa kitaifa ulipoondolewa, mgao wa kaunti ulishushwa kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4.

Kampuni yangu ndogo ilijenga choo cha soko, kazi ikaisha Machi. Kila nikiuliza malipo naambiwa "Nairobi haijatuma". Ni kweli au nazungushwa?
*Mkandarasi, Pwani*

Inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa kisingizio. Bahati nzuri unaweza kupima mwenyewe.

Pesa hupita hivi. Bunge la Taifa na Seneti hupitisha sheria mbili: ya kwanza hugawa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti zote kwa jumla, ya pili hutenga fungu la kila kaunti. Hazina ya Kitaifa kisha hutuma fungu hilo kwa awamu za kila mwezi. Kaunti yenye mgao wa bilioni 3.1 hutarajia kama milioni 259 kwa mwezi. Pesa huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, akaunti iliyoko Benki Kuu. Humohumo ndimo zinapotakiwa kufika na pesa za soko, leseni na maegesho. Haikubaliwi kuzila palepale zilipokusanywa, isipokuwa vituo vya afya, ambavyo tangu sheria ya 2023 vinaruhusiwa kubaki na ada zao.

Kutoka kwenye mfuko huo haitoki hata shilingi bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Kaunti humwandikia ombi, naye huangalia kama matumizi yamo katika bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Akikubali, pesa huhamia akaunti ya matumizi, na idara hulipa kupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa malipo na hesabu.

Sasa pima. Katiba inataka mgao utumwe bila kucheleweshwa na bila kukatwa, lakini kuchelewa kumekuwa mazoea. Kila mwezi Hazina ya Kitaifa huchapisha katika Gazeti Rasmi la serikali kiasi ilichotoa, kaunti kwa kaunti. Soma la mwezi uliopita. Ukiona kaunti yako imepokea, "Nairobi haijatuma" imekufa, na tatizo liko karibu zaidi.

Karibu wapi? Mara nyingi ni hapa: kaunti iliandika katika bajeti kwamba itakusanya yenyewe, tuseme, milioni 400. Ikakusanya 180. Zile 220 hazikuwahi kuwepo, lakini zabuni zake zilishatangazwa, wakandarasi wakachimba msingi. Mwezi Juni ukifika, pesa zilizopo hulipa mishahara kwanza, na wenye choo cha soko wakaambiwa wangoje. Hiyo ndiyo mbegu ya madeni yanayolimbikizwa mwaka baada ya mwaka, na kwa maoni yetu ni kosa zito kuliko kuchelewa kwa Hazina, kwa sababu ni la kujitakia.

Halafu kuna tarehe 30 Juni. Siku hiyo idhini ya bajeti hufa. Pesa ambazo hazikutumika hubaki mfukoni, lakini haziwezi kutolewa tena mpaka mradi uandikwe upya katika bajeti ya mwaka unaofuata au bajeti ya ziada. Mradi uliosahauliwa kuandikwa hauna pesa, hata kama umebakisha rangi na milango tu. Kwa hivyo nenda na mkataba, cheti cha ukaguzi na upokezi wa kazi, na ankara. Usiulize "pesa lini". Uliza mambo mawili: ankara yangu imeingizwa katika IFMIS? Deni langu limo katika bajeti ya mwaka huu, na liko ukurasa gani? Ankara iliyolala ndani ya faili la mtu haiko kwenye foleni yoyote.

Nanunua simsim upande wa Mpeketoni napeleka Mombasa. Njiani nililipa ushuru kwa risiti, mbele yake nikazuiwa tena na kutozwa taslimu bila karatasi. Nifanyeje nikikutana nao tena?
*Mfanyabiashara wa nafaka*

Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Kwa kaunti, sheria hiyo ni Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na nyuma yake kuna jedwali: gunia la simsim kiasi gani, tenga la samaki kiasi gani, meza ya soko kiasi gani. Bidhaa ambayo haimo katika jedwali haitozwi.

Ukizuiwa, omba kwa upole uonyeshwe jedwali, kisha lipa kwa namba ya malipo ya simu ya kaunti yenyewe na uhakikishe jina linalotokea kabla ya kubonyeza siri yako. Risiti iwe na tarehe, namba, aina ya mzigo na kiasi. Anayekataa simu na anataka noti mkononi amekwisha jieleza.

Kuhusu kutozwa mara mbili, shika kifungu cha 209(5): kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti na kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri nchini. Hifadhi risiti ya ulikonunua mpaka mzigo ushuke. Malalamiko mpelekee waziri wa fedha wa kaunti iliyokutoza, ukiambatisha picha za risiti. Bila risiti kesi yako ni maneno.

Malindi ilikuwa manispaa na meya wake. Ilipotelea wapi?
*Mzee wa Maweni, Malindi*

Shikamoo mzee. Mabaraza ya zamani, la manispaa ya Malindi na la kaunti ya Lamu pamoja na mengineyo, yaliendeshwa chini ya ile Sheria ya Serikali za Mitaa, na serikali kuu iliyatengea asilimia 5 ya kodi ya mapato. Yalifikia kikomo kwa uchaguzi wa 4 Machi 2013. Mali na wafanyakazi wakahamia kaunti. Malindi leo ina bodi ya manispaa yenye mwenyekiti na meneja, lakini meya hakuna, na bodi haiwezi kujitungia ushuru. Hula kile inachotengewa na bunge la kaunti, na kaunti isipoipa kitu hubaki na jina na mhuri.

Nalipa reti kila mwaka, sasa naambiwa nina deni la kodi ya ardhi Nairobi. Naibiwa?
*Mwenye kiwanja, Malindi*

Hapana, ni vitu viwili. Reti ni ya kaunti na hupimwa kwa thamani ya ardhi. Kodi ya ardhi ni ya serikali ya kitaifa na humhusu mwenye hati ya kukodi kwa miaka, si mwenye ardhi ya milele. Ukitaka kuuza kiwanja cha kukodi utadaiwa vyeti vyote viwili vya kutokuwa na deni, kwa hivyo vitafute mapema. Ni hapo wauzaji wengi hukwama, mnunuzi keshalipa arubuni.

Mbunge ametujengea madarasa mawili mazuri. Mbona MCA wetu hata chekechea hawezi?
*Mama wa watoto watatu, Hindi*

Kwa sababu MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, hana mfuko kama wa mbunge. Mfuko huo wa maeneobunge, NG-CDF, hutengewa angalau asilimia 2.5 ya sehemu ya serikali ya kitaifa, hugawiwa maeneobunge yote 290, na kisheria hufanya kazi za kitaifa tu: madarasa ya msingi na sekondari, basari, ofisi za machifu, vituo vya polisi. Chekechea ni ya kaunti, kwa hivyo mbunge akiijenga kwa pesa hizo mkaguzi atamuuliza. Kazi ya MCA ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwachunguza wanaoitumia. Muulize alipiga kura vipi na alidai nini katika kamati. Ukimuuliza saruji unamuonea, ingawa kuna wengi wao waliokuahidi saruji wenyewe wakati wa kampeni.

Sisi ni kikundi cha kina mama kisiwani Pate. Jabia letu la maji ya mvua limepasuka. Kila mwaka tunahudhuria kikao cha maoni ya bajeti, tunasema, wanaandika, na hakuna kinachokuja. Tunakosea wapi?
*Katibu wa kikundi, Lamu Mashariki*

Dada zetu, mnakosea tarehe, na huenda mnakosea namna ya kuomba. Tuanze na tarehe.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai, lakini vikao vinavyojaa watu hufanyika Aprili, Mei au Juni, wakati makadirio yamekwisha andikwa. Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Wakati huo bunge linaweza kupunguza hapa na kuongeza pale, ila mradi mpya ambao haukuwa popote huwa mgumu kupenya. Mlango wake ulifungwa zamani. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ndio unaoorodhesha miradi, nao huwasilishwa bungeni kufikia 1 Septemba, miezi 10 kabla ya mwaka unaohusika kuanza. Kwa hivyo jabia mnalotaka litengenezwe baada ya Julai 2027 linatakiwa liwe ndani ya mpango wa Septemba 2026, na barua yenu iwe imefika Juni au Julai 2026.

Baada ya mpango huja Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaofika bungeni kufikia 28 Februari. Huo hauorodheshi majabia. Hugawa viwango, idara ya maji ipate kiasi gani, ya afya kiasi gani. Idara ya maji ikikatwa hapo, jabia lenu limekatwa na hamjaambiwa. Wajumbe wana siku 14 kuujadili. Mmoja wenu aende Februari, hata kama ni kwa kauli moja tu: fungu la maji lisishuke.

Sasa namna ya kuomba. "Tunataka maji" haina bei, na kisicho na bei hakiingii kwenye bajeti. Fanyeni hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme sakafu yenu ya kukingia ina mita 20 kwa 15, yaani mita 300 za mraba. Msimu ukileta milimita 500, zinashuka lita 150,000. Toeni sehemu inayopotea kwa jua na nyufa, tuseme asilimia 20, zabaki 120,000. Nyumba 40 zikitumia mitungi mitano ya lita 20 kila siku ni lita 4,000, na maji yataisha siku ya 30. Mkiyaweka ya kunywa na kupikia tu, mitungi miwili kwa nyumba, ni lita 1,600 kwa siku, na yatafika siku 75. Andikeni hivyo. Afisa wa maji akiona hesabu hiyo ataona pia kama tangi lenyewe lina nafasi ya kuyapokea, na kama kinachohitajika ni kuziba nyufa, kuongeza sakafu au kuchimba tangi la pili. Hizo ni bei tatu tofauti.

Ongezeni karatasi ya kiwanja. Kama jabia liko katika ardhi ya mtu au ya familia, patikane maandishi ya kuitoa kwa umma, yenye sahihi za warithi wote na mashahidi. Miradi mingi ya maji hufa hapa: pesa zipo, mkandarasi kafika na mchanga, akatokea ndugu mmoja kutoka Mombasa akasema yeye hakushirikishwa. Hadi mzozo uishe, 30 Juni imepita.

Nakala tatu: idara ya maji, idara ya mipango, na MCA wenu. Septemba ombeni kuona mpango wenyewe na mtafute jina la kijiji chenu ndani yake. Msipoliona, mna muda wa kulalamika bungeni kwa waraka wa maombi. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki hiyo.

Kuna na mlango wa pembeni. Katiba imeanzisha Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na stima katika sehemu zilizoachwa nyuma. Lamu na Kilifi zote zilikuwa katika orodha ya kwanza ya kaunti 14. Si pesa za gavana, wala mfuko huo haujakuwa mwepesi kutoa, lakini barua yenu yenye hesabu inafaa huko vilevile.

Zahanati yetu ilizinduliwa kwa ngoma na mpaka leo haina mlango. Nataka kujua mkataba ulikuwa wa pesa ngapi. Kaunti italazimika kuniambia?
*Kijana wa Matondoni, Lamu*

Italazimika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, huhitaji kueleza sababu, na kuomba ni bure. Gharama ni ya kutoa nakala tu. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo na afisa amwandikie. Usiandike "nataka maelezo kuhusu zahanati", kwa sababu utapewa aya mbili za shukrani. Taja karatasi zenyewe, kwa mfano hivi:

*Kwa Katibu wa Kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016, naomba nakala za karatasi zifuatazo kuhusu ujenzi wa zahanati ya (kijiji, wadi): mkataba pamoja na BQ yake, vyeti vyote vya malipo vilivyokwisha tolewa, na tarehe zake, ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mhandisi, na ukurasa wa bajeti ya mwaka huu unaotaja mradi huu. Nitapokea kwa barua pepe au nitakuja kuchukua. Jina, anwani, namba ya simu, sahihi, tarehe.*

BQ ndiyo orodha ya kila kipimo na bei yake. Humo ndimo utakapoona kama milango ilikuwemo, ni mingapi, ni ya mbao au ya chuma, na vyeti vya malipo vitakuonyesha kama imeshalipiwa. Ukiwa na karatasi hizo mbili mkononi hutahitaji kumuuliza mtu kwa nini hakuna mlango.

Peleka nakala mbili, na ya kwako igongwe mhuri wa kupokewa wenye tarehe. Bila mhuri siku hazina pa kuanzia kuhesabiwa. Kaunti ina siku 21 za kujibu. Inaweza kujiongezea 14, mara moja tu, kwa kukuandikia sababu. Ikiwa karatasi ziko ofisi nyingine inapaswa kuhamisha ombi lako ndani ya siku 5. Kimya kikipita muda huo, huhesabiwa kuwa umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile watu waiitayo Ombudsman. Huhitaji wakili. Utaambatisha ile nakala yenye mhuri.